Je, ni lazima nizione sababu za imani yangu ndipo imani hiyo iwe na uhalali?

Swali

Wanajamvi, naomba mnisaidie katika jambo linalonisumbua tangu nilipoanza kusoma nadharia ya maarifa. Tuseme watu wawili wana vipimajoto viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kizima na kingine kibovu, ambacho namba yake imekwama kwenye nyuzi 37. Kila mmoja anampima mgonjwa wake, anasoma 37, na anaamini kwamba mgonjwa hana homa. Na kwa bahati, wagonjwa wote wawili kweli hawana homa. Hakuna kati yao mwenye sababu ya kukitilia shaka chombo chake. Nikichungulia yaliyomo akilini mwao, sioni tofauti hata chembe, lakini nikivitazama vyombo vyenyewe, tofauti ni kama usiku na mchana. Je, imani zao zina uhalali sawa? Nikisema zina uhalali sawa, naona nimekipa chombo kibovu heshima isiyokistahili. Nikikataa, naona nimemlaumu mtu kwa kosa ambalo si lake.

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, mimi nashika mtazamo wa ndani, kwa hiyo nasema uhalali wao ni sawa. Kinachofanya imani iwe na uhalali ni yale yaliyomo akilini mwa mwenye kuamini: anayoyaona, anayoyakumbuka na hoja alizonazo. Ndivyo wanavyoutetea mtazamo huu wanafalsafa Earl Conee na Richard Feldman. Wengine huongeza sharti kwamba mtu aweze kuzifikia sababu hizo kwa kutafakari tu. Tofauti unayoiona ipo, ila mahali pake si kwenye uhalali bali kwenye ujuzi. Edmund Gettier, katika makala ya kurasa tatu tu ya mwaka 1963, alionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na imani ya kweli yenye uhalali na bado asiwe na ujuzi, kwa kuwa ameupata ukweli kwa bahati. Mwenye kipimo kibovu ni mfano wa mtu huyo.

Jibu la 2

Naheshimu jibu lililotangulia, ila limepita haraka mno. Mwanafalsafa Alvin Goldman, wa mtazamo wa nje, alipendekeza mwaka 1979 kwamba imani hupata uhalali pale inapozalishwa na mchakato wa kuaminika, yaani unaoleta imani za kweli mara nyingi kuliko za uongo, hata kama mwenye imani hawezi kuueleza mchakato huo. Fikiria kumbukumbu. Naamini kwamba sauti husafiri kwa kasi zaidi majini kuliko hewani, lakini ukiniuliza nilijifunza wapi, sina jibu. Tuseme nililisoma katika kitabu kizuri cha fizikia, na jirani yangu alilisikia kwa mtu aropokaye chochote, kisha sote tukasahau chanzo. Leo tunalikumbuka kwa uhakika uleule. Mtazamo wa ndani unalazimika kutuweka kapu moja, jambo ambalo mimi siwezi kulimeza.

Hata hivyo, sitaficha udhaifu wa upande wangu. Katika mfano wa muulizaji, mchakato tunaoupima ni upi? Kama ni «kusoma kipimajoto», basi wote wawili wametumia mchakato mzuri. Kama ni «kusoma kipimajoto hiki», mmoja ametumia mbaya. Conee na Feldman waliibana nadharia hii hapohapo mwaka 1998, na majibu niliyoyasoma hayajanitosheleza.

Jibu la 3

Naona mnabishana juu ya neno moja lenye kazi mbili. Masikioni mwetu «uhalali» umebeba harufu ya ruhusa, kwa maana halali ni kile ambacho hulaumiwi ukikifanya, na kwa hiyo neno lenyewe linatuvuta kwenye mtazamo wa ndani hata kabla hoja hazijaanza. Lau tungesema «imani yenye msingi», tungevutwa upande wa pili, kwani msingi wa nyumba unaweza kuwa imara ingawa mwenye nyumba hajawahi kuuona. William Alston alipinga kufungamanisha uhalali na lawama kwa sababu hatuchagui tunachoamini kama tunavyochagua la kutenda. Goldman mwenyewe, mwaka 1988, alikubali kuutenga uhalali wenye nguvu, unaotokana na mchakato wa kuaminika, na ule dhaifu wa mtu asiyelaumika ingawa mchakato wake ni mbovu. Mwenye kipimo kibovu anao huo wa pili.

Nisieleweke kwamba nimehamia mtazamo wa nje moja kwa moja. Norman, mtu wa kubuniwa katika mfano wa mwanafalsafa Laurence BonJour, mwenye kipawa cha kuona ya mbali pasipo kujua kwamba anacho, bado ananinyima raha: anaamini tu kwamba rais yuko mji fulani, naye ni sahihi, lakini kwa upande wake imani hiyo haina tofauti na kubahatisha.

Muulizaji

Nashukuruni. Jibu la tatu limenionyesha kwamba woga wangu ulikuwa juu ya lawama. Linabaki jambo moja: kipimo kilichokwama huonyesha 37 hata kikiwa mezani, kabla hakijamgusa mgonjwa. Kama mtu wetu aliiona namba hiyo na hakujali, je, bado mnasema akili zao zilikuwa sawa?

Jibu la 1

Hapo hazikuwa sawa, kwa kuwa amepata ushahidi dhidi ya chombo chake, na uhalali wake umeanguka kwa mtazamo wangu pia.

Jibu la 2

Nasi twasema ameanguka. Goldman wa 1979 aliweka sharti kwamba pasiwepo mchakato mwingine wa kuaminika ambao mtu alikuwa nao na ambao, kama angeutumia, ungemfanya aiache imani hiyo. Kuizingatia namba aliyoiona mezani kulikuwa mchakato wa namna hiyo. Tunachotofautiana ni yule ambaye hakuitazama kabisa.