Rush: ni haki filamu kuwagombanisha watu waliokuwa washkaji?

Mzee wa Gia
Wakuu habari za jioni. Jana nimeirudia Rush, ile filamu ya Ron Howard ya 2013, ya madereva James Hunt na Niki Lauda waliogombea ubingwa wa langalanga (Formula One) msimu wa 1976. Mara ya kwanza niliipenda mpaka nikasimama. Safari hii imeniudhi, maana katikati hapo nimeshasoma habari za hawa watu, kumbe walikuwa washkaji. Wakati wanahangaika madaraja ya chini hawana jina waliwahi hata kukaa nyumba moja London. Sasa kwenye filamu wanatukanana tangu siku ya kwanza wanaonana, mpaka Lauda aungue kwenye ajali ndiyo heshima inaanza kuja. Na kile kipande Hunt anamvuta mwandishi pembeni anampasua mdomo kisa kamuuliza Lauda swali la kishenzi kuhusu sura yake, hakikutokea, kimetungwa. Swali langu: ukishasema ni kisa cha kweli, una ruhusa ya kuwagombanisha watu ambao hawakugombana? Na kumbukeni Hunt alikufa 1993, moyo, miaka 45 tu, hakuulizwa kitu. Lauda alikuwepo, akakaa na aliyeandika filamu akamsimulia. Naombeni hoja, sio matusi.

Toto la Mbagala
Mzee filamu sio taarifa ya habari. Mimi niliiona ya kutafsiriwa na nimeelewa vizuri tu, Lauda alikuwa muoga basi. Ubingwa uko mkononi, mbio ya mwisho kule Japani, mwanaume unashuka kwenye gari kisa MVUA?

Binti Hoja
Ya kutafsiriwa, hahahaha. Yaani tunajadili filamu na mtu aliyemsikiliza DJ anayepiga kelele juu ya filamu. Endeleeni mimi nakunywa chai.

Toto la Mbagala
Chai yako kunywa dada, ila usitudharau. Sio wote tulisoma shule za kulipia.

Binti Hoja
Nani kataja shule? Nimesema DJ. Wale jamaa wanatunga. Mtu anasema "nipishe" DJ anakwambia "nitakuua wewe na ukoo wako". Alafu unakuja na hitimisho Lauda muoga.

Kipanga wa Nakuru
Hapo kwa uoga nisaidieni kidogo. Huyu ni mtu aliungua kwa mbio za Nürburgring, Ujerumani, Agosti mosi, akavuta moshi mapafu yakaharibika, padri akaja kumfanyia mpako wa mwisho, sikio la kulia karibu lote likaenda. Septemba 12 ako kwa mbio za Monza, Italia, bendeji zimeloa damu, na akamaliza wa nne. Wa NNE. Alikosa mbio mbili pekee, Austria na Uholanzi. Kama huyo ni muoga basi sisi wengine tutafutiwe jina lingine.

Toto la Mbagala
Kwani nimesema Monza? Nimesema Japani. Usinibadilishie mada.

Dereva wa Semi
Naomba niingie hapa kwenye mvua maana hapa ndo kwangu. Nimeshusha mlima Kitonga na mzigo wakati wa masika, we unaongelea mvua uliyoiona dirishani. Maji yakikaa barabarani tairi linaacha kushika lami, gari linaelea, na unajua limeelea kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla kama wa toroli, hapo ukigusa breki umekwisha. Sasa hiyo ni lori linatembea taratibu. Toa hapo weka gari la langalanga, matairi yake mapana, lipo chini kama kobe, la mbele linakurushia ukungu wa maji huoni hata pua ya gari lako. Na huyu mtu kope zake zilikuwa zimeungua, hakuweza kupepesa macho sawasawa. Mimi ningeshuka kabla hata sijapungiwa bendera.

Toto la Mbagala
Lakini mwenzake Hunt hakushuka. Mvua ileile barabara ileile.

Kipanga wa Nakuru
Na walioshuka ni wengi bro. Fittipaldi alitoka, na huyo alikuwa bingwa mara mbili. Pace akatoka. Perkins akatoka. Ama hao pia ni waoga? Shida ni filamu inakuonyesha Lauda peke yake, hao wengine hukuwaona ukadhani ni yeye tu.

Mzee wa Gia
Asante Kipanga, hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Filamu inachagua nani umuone.

Mjukuu wa Tajiri
Hunt alishinda hiyo ya Japani, pale Fuji, kihalali acheni kulia. Alikuwa nyuma pointi 5 akaja akachukua mbio.

Kipanga wa Nakuru
Kila kitu hapo ni makosa boss. Ilikuwa pointi 3, Lauda 68 Hunt 65. Na hakushinda mbio, alishinda Andretti, wa pili Depailler, Hunt wa tatu. Pointi 4 zikamfikisha 69. Aliongoza muda mrefu, tairi likamharibikia, akaingia kubadilisha akashuka mpaka wa tano, akapanda tena. Na alipomaliza alishuka akiwafokea watu wa timu yake, alidhani ameukosa ubingwa.

Mjukuu wa Tajiri
Sawa mwalimu. Bado ni bingwa.

Binti Hoja
Bingwa wa kubebwa. Hispania gari lake lilikutwa pana kuliko kanuni wakamfuta, kisha wakamrudishia.

Mjukuu wa Tajiri
Sentimita 1.8 dada!! Sentimita moja na nukta nane. Hata kucha yako ni ndefu kuliko hiyo. Na mbona husemi mbio za Brands Hatch, kwao Uingereza? Hunt alishinda mbele ya Waingereza wenzake, wakamnyang'anya wakampa Lauda mezani. Nani kabebwa hapo?

Binti Hoja
Kucha zangu ziache.

Toto la Mbagala
Hahaha kucha zimeuma. Wa kutafsiriwa nimekaa pembeni naangalia wasomi wanapigana.

Mama Nuru
Nyie watoto hamchoki. Mimi niulize jambo dogo. Huyu Lauda pale Japani, nimesoma mahali kwamba mhandisi wa Ferrari alitaka kumfichia aibu, akamwambia tuseme injini ilileta shida, mwenyewe akakataa, akasema ni mimi nimeamua kuacha. Mnaosema muoga, muoga gani huyo anapewa uongo wa bure na hauchukui? Nyumbani kwangu kuna mtu akigonga geti na gari anasema geti limesogea.

Dereva wa Semi
Mama Nuru umemaliza.

Toto la Mbagala
Hajamaliza. Mimi nilichosema ni kwamba ubingwa ulikuwa mkononi. Mama samahani lakini geti haliendi kokote.

Msafi wa Roho
Mnamjadili Lauda kama vile alikufa maskini. 1977 akachukua ubingwa tena akawaachia Ferrari timu yao. Akastaafu, akarudi, 1984 akachukua wa tatu kwa nusu pointi mbele ya dereva Prost. NUSU. Hakuna sehemu yoyote ya maisha ya yule mtu inayohitaji kutetewa na nyie. Kafariki 2019 na kofia yake nyekundu.

Kipanga wa Nakuru
Na mnajua 1976 hiyohiyo, Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally na gari la Lancer? Mara yake ya tatu. Matope mpaka kwa madirisha. Hakuna mtu amemtengenezea filamu. Tunabishana juu ya Mwingereza na Mwaustria wakati mzee wetu hana hata dakika kumi.

Mjukuu wa Tajiri
Ile ni reli ya wanyama sio mashindano, twiga anavuka.

Kipanga wa Nakuru
Rudia hiyo tena polepole. Shekhar Mehta alishinda mara TANO, nne mfululizo, 1979 mpaka 82. Wazungu wenye timu za kiwanda walikuja wakaacha magari kwa vichaka. Hunt wako angefika Naivasha kweli?

Mjukuu wa Tajiri
Hunt angefika Naivasha na angekuwa na mrembo kila kituo.

Mama Nuru
Astaghfirullah.

Mzee wa Gia
Jamani. Swali lilikuwa filamu. Filamu kuwagombanisha watu. Twiga katoka wapi?

Msafi wa Roho
Mzee nikujibu basi. Wewe ni mtu wa mpira? Wiki ya Simba na Yanga ukiambiwa wachezaji usiku walikula pamoja chipsi utafurahi? Hutafurahi. Utasema wameuza mechi. Watu hawalipi kiingilio kuangalia marafiki. Huyo aliyeandika anajua biashara, kachukua urafiki kaupunguza, kachukua utani wao kaukazia sauti. Na Lauda mwenyewe alikwenda kwenye uzinduzi London, angekuwa kaonewa asingekwenda.

Mzee wa Gia
Lauda alikwenda kwa sababu filamu imemtendea mema, yeye ndiye anayeifungua na kuifunga kwa sauti yake! Hunt kabaki mlevi mzuri wa sura. Hilo hakuna anayelijibu.

Mjukuu wa Tajiri
Mlevi mzuri wa sura na bingwa wa dunia. Mimi hata leo wakinitengenezea filamu waniseme hivyohivyo.

Toto la Mbagala
Alafu mzee mbona unasema hawakuonyesha kama walikaa pamoja? Kwenye yangu DJ alisema kabisa mwanzoni, hawa jamaa walipanga ghetto moja wamekula sufuria moja, hela ilipoingia ndo wakaanza kununiana.

Binti Hoja
Hiyo haipo kwenye filamu. Ndiyo nilichosema, DJ anatunga.

Dereva wa Semi
Subiri kwanza. Mzee wa Gia kaandika juu kabisa kuwa walikaa nyumba moja London. Sasa hapo DJ katunga au Ron Howard ndo kaficha?

Toto la Mbagala
🤣🤣🤣🤣

Binti Hoja
Kabahatisha. DJ anasema hivyo kwenye kila filamu ya watu wawili. Hata ile ya nyoka na mwindaji alisema wamekua mtaa mmoja.

Toto la Mbagala
Kabahatisha au hakubahatisha kasema kweli na mzungu mwenye kamera za mabilioni hakusema. Nasubiri kuombwa radhi. Nina muda.

Binti Hoja
Utasubiri sana. Na sehemu ya kununiana bado ni uongo.

Kipanga wa Nakuru
Mimi bado nasubiri mtu wa twiga aombe radhi kwanza, kuna foleni.

Mama Nuru
Mwanangu Toto na ile sehemu ya hospitali, wanamuingiza bomba kusafisha mapafu, DJ alisema nini pale? Mimi pale nilifumba macho.

Toto la Mbagala
Pale alinyamaza mama. Filamu nzima ni pale tu hakusema kitu.

Mzee wa Gia
Hiyo ya DJ naipata wapi?

Toto la Mbagala
Ahaaa.

Binti Hoja
Mzee na wewe!

Mzee wa Gia
Ni utafiti tu.