Podikasti au taarifa ya habari: nani hurudi kusahihisha kosa?

MkaziwaNyalenda (Kisumu)
Wanajukwaa, naomba maoni yenu. Baba yangu, mwalimu mstaafu, hakosi taarifa ya habari ya saa moja jioni. Mimi na wadogo zangu husikiliza podikasti, na humfuata kijana mmoja wa hapa anayerusha video moja kwa moja mtandaoni. Mto Nyando ulipofurika, kijana huyo alifika Kano kabla ya kituo chochote, akaonyesha barabara zisizopitika, na shangazi yangu akawahi kuhamisha mbuzi wake. Wiki mbili baadaye, yeye huyo huyo alitangaza usiku kwamba tuta la kuzuia maji limepasuka. Watu walikimbia gizani wakiwa na watoto mgongoni, kumbe tuta lilikuwa zima. Kufikia asubuhi video ilikuwa imefutwa, wala hakuomba radhi. Kwa baba, mjadala umekwisha. Mimi ningali najiuliza, kwa kuwa bila kijana huyo mbuzi wangesombwa. Ninyi humpimaje mtu wa kumwamini?

MwalimuKakamega
Ndugu, mzee ana haki ya kukasirika, lakini naye akumbuke kwamba Januari 2018 serikali ya Kenya ilizima vituo vya televisheni vya Citizen, NTV na KTN kwa siku kadhaa, na kwamba tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, matangazo ya baadhi ya vituo vya televisheni yalikatwa tena hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Siku hizo picha zilitoka kwenye simu za vijana. Isitoshe, vyombo vikubwa hutegemea sana matangazo ya kulipiwa ya serikali, na Machi 2024 idara za serikali ziliagizwa kuyapeleka yote KBC, shirika la utangazaji la serikali. Chombo kinachoweza kunyimwa mkate kwa barua moja hakiwezi kuwa huru kama tunavyodhani.

RipotaMstaafu (Nakuru)
Nilifanya kazi ya redio miaka mingi, nikilipwa kwa kila habari iliyorushwa, nauli nikiitoa mfukoni mwangu. Ndiyo sababu mashinani hamtuoni mapema. Hata hivyo, habari ya tuta kupasuka isingepita kwa mhariri wangu kabla sijampigia naibu chifu na mtu mwingine aliyelishuhudia kwa macho yake. Tukikosea, msikilizaji aliweza kulalamika kwa tume ya malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, nasi tukalazimika kusahihisha.

Kijana wenu hana mhariri. Kinachowatisha watu kama yeye ni sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, ambayo ilipopitishwa, kwa kuchapisha kwa makusudi habari za uongo zinazozua taharuki, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Mtu mwenye hofu ya aina hiyo hufuta video na kunyamaza, hata kama alikosea kwa nia njema. Hili linaniuma, kwa sababu aliyekimbia usiku na mtoto alistahili kuambiwa ukweli na mtu yule yule aliyemtisha.

SautiyaMenengai (Nakuru)
Nina podikasti ndogo kuhusu maji na ardhi katika kaunti yetu. Ripota amesema kweli, nami nimejifunza kwa kuumia: niliwahi kutaja kiasi kisicho sahihi cha ada ya maji, nikasahihisha mwanzoni mwa kipindi kilichofuata, na wasikilizaji hawakunihama. Ninachohofia zaidi ni malipo yasiyotajwa. Mwanasiasa akimlipa mshawishi wa mitandaoni amsifie, msikilizaji hatangaziwi. Dada au kaka, muulize kijana huyo nani humlipa, na nani aliyemwambia habari ya tuta.

MkaziwaNyalenda (Kisumu)
Ahsanteni sana. Jumamosi huwa yuko soko la Ahero. Nitamfuata nimuulize hayo mawili, nimsihi aeleze hadharani yaliyotokea usiku ule, na baba amekubali twende pamoja.