Mrejesho: vocha za amana ya safari ijayo ya meli

Niliuliza kama inafaa kununua vocha za CruiseNext za Norwegian Cruise Line (kampuni ya meli za utalii), yaani amana unayolipia mapema kwa safari yako ijayo, kabla ya kushuka melini. Ahsanteni wakuu. Jibu ni ndiyo, ila pale tu panapokuwa na ofa ya mbili kwa bei ya moja, yaani thamani ya dola 500 kwa 250. Pesa hairudishwi, kwa hiyo usinunue za akiba. Kinachowaponza wengi ni idadi ya vocha inayoruhusiwa kutumika kwa chumba kimoja: safari fupi hupokea chache, zilizobaki zinasubiri safari nyingine. Ulizia kwenye dawati la vocha hizo melini kabla ya kulipa. Ukishaweka nafasi, hakikisha vocha imeandikwa kwenye ankara kama malipo. Na linganisha nauli kwa mawakala; tofauti yake inaweza kumeza punguzo lote.