Rivolva ya .44 Magnum inaniumiza mkono, nijaze risasi za namna gani?

Mnyalu_Idaho: Wakuu, salaam. Niko Boise, Marekani. Nina Ruger Super Blackhawk ya .44 Magnum, mtutu inchi 7.5. Risasi za dukani zenye kichwa cha greni 240 (kipimo cha uzito, kama gramu 15 na nusu) zinapiga teke mpaka nikimaliza silinda mbili mkono unavimba, na sasa nafumba macho kabla sijafyatua. Nimenunua vifaa vya kujazia risasi nyumbani. Nataka risasi ya kufanyia mazoezi bila maumivu, ila iweze kuangusha kulungu mita 40. Nipunguze tu baruti?

Fundi_Maganda: Mkuu, hapana! Inategemea baruti. Baruti aina ya H110 haipunguzwi chini ya kiwango cha kitabu: inaweza kuwaka nusunusu, kichwa (kile kipande kinachoruka) kikakwama mtutuni, na ukifyatua ya pili mtutu unapasuka. Badili baruti. Kwa nguvu ya kati wengi tunatumia baruti inayoitwa Unique. Kipimo chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji, anza na cha chini kabisa. Usichukue namba ya mtu wa mtandaoni, hata yangu.

Kichwa chagua cha madini ya risasi yaliyofanywa magumu, greni 240 au 250, pua bapa, kiende kama futi 950 kwa sekunde. Za dukani nyingi hupita 1,200, na tofauti hiyo mkono unaisikia mara moja. Pua bapa inatoboa tundu zuri bila kuhitaji kutanuka, na kwa kulungu aliyesimama ubavu hupita upande wa pili. Elmer Keith, mwandishi wa mambo ya bunduki aliyeishi Salmon huko huko Idaho, ndiye aliyepigania sana vichwa vya umbo hilo.

Unique hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya hutajua. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Kila ganda, mkuu.

Mama_Kibuyu: Kaka, panapouma hasa ni kiganjani au kwenye kifundo cha kidole cha kati?

Mnyalu_Idaho: Kidole cha kati dada, kimechubuka kabisa.

Mama_Kibuyu: Basi si risasi peke yake. Kinga ya triga ya bunduki hiyo ni ya mraba kwa nyuma, ndiyo inayokugonga. Weka mpini wa mpira unaojaza ile nafasi nyuma ya kinga. Mimi nilibadili mpini kwanza, teke likawa jingine kabisa.

Mnyalu_Idaho: Asanteni sana. Je, nikinunua tu .44 Special za dukani, zile za unene uleule ila nguvu ndogo?

Fundi_Maganda: Zinaingia, lakini ganda lake ni fupi, linaacha pete ya masizi ndani ya silinda, halafu maganda ya Magnum yanakuwa magumu kuingia. Ukizitumia, sugua silinda siku hiyo hiyo. Mimi najaza risasi laini kwenye maganda ya Magnum. Na mdomo wa ganda ubane vizuri, la sivyo teke linavuta vichwa mbele na silinda inagoma kuzunguka.

Mnyalu_Idaho: Mpini nimeuagiza leo. Jumamosi najaza 20 za kipimo cha chini, nitaleta mrejesho.