NAS inajizima diski zikianza kuzunguka: nidai adapta tu au niwape kifaa kizima?

Mkwaju

Wakuu, habari za muda huu.

Nina NAS ya nyumbani (kile kiboksi cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) yenye nafasi nne za diski, zote zimejaa, RAID 5, yaani diski zinafanya kazi kama moja na ikifa moja data inabaki. Humo kuna picha za familia, kazi za wateja wangu, na sauti za marehemu babu akisimulia hadithi, ambazo mama akisikia zimepotea hapatakalika. Bakap ipo kwenye diski ya nje, kwa hiyo naomba nisihubiriwe.

Ilianza kwa kujizima yenyewe usiku, mara nyingi muda ule ule inapokagua diski. Siku hizi haifiki hata huko. Nikibonyeza kitufe taa ya bluu inapepesa, feni inavuma, nasikia diski moja inakolea mwendo, inafuata nyingine, halafu "tk", kimya. Ikitulia kidogo inaanza tena bila kuguswa, na inaishia palepale.

Adapta yake ni ya nje, kidude cheusi kilichoandikwa 12V 8.33A, plagi ya pini nne. Nimeipima kwa multimita, inasoma 12.1. Hapo ndipo nimebaki njia panda: ni nzima au mbovu?

Dhamana haijaisha. Kampuni nimewaandikia, jibu lao ni nitume kifaa kizima pamoja na diski zake. Diski zangu? Thubutu! Mimi nataka adapta tu. Nidai vipi wanielewe? Na wakati nasubiri, naweza kuchomeka adapta ya kamera za ulinzi? Nayo ni 12V.

Natanguliza shukrani.

FundiTaa

Mkuu, hiyo 12.1 isikupe moyo. Umepima adapta ikiwa haina kazi yoyote, na adapta iliyochoka husoma vizuri tu namna hiyo. Mbivu na mbichi hujulikana ikibebeshwa mzigo.

Piga hesabu. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka kutoka kusimama hunyonya takriban ampea 2 kwenye 12V kwa sekunde chache, ikishakolea inashuka sana. Ndiyo maana NAS nyingi huziamsha diski kwa zamu badala ya zote kwa mpigo. Yako inaanguka njiani, zamu hazijaisha. Ndani ya adapta mna kapasita (vikopo vinavyotunza chaji ya umeme) zenye majimaji, na joto ndilo linalozikausha. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Ilikuwa imelala nyuma ya kabati? Wengi huzificha huko.

Jaribio la kwanza: zima, chomoa umeme, andika namba 1 hadi 4 kwenye trei NA kwenye diski zenyewe, kisha zitoe zote. Washa kifaa kitupu. Kikikaa bila kuzima, mshukiwa mkuu ni adapta. Ila usianze kurudisha diski mbili tatu ili uone itakuwaje! RAID 5 ikikosa diski moja itaamka kilema na baadaye itadai kujijenga upya, ikikosa mbili haiamki kabisa. Ni zote au hakuna.

Jaribio la pili ni la mwenye mkono uliotulia: balbu za taa ya breki ya gari, 12V wati 21. Moja inakula ampea 1.75. Unga mbili sambamba kwenye adapta, na multimita uishike palepale kwenye waya. Adapta nzima itabaki karibu na 12. Usitumie balbu ya taa kubwa ya mbele, maana waya wake ukiwa baridi huvuta umeme mwingi mno kwa ghafla, na hata adapta nzima inaweza kujikinga ikazima, ukaihukumu bure.

Ya kamera sahau. Nyingi ni za ampea 2, yaani wati 24, na yako ni ya wati 100. Tena hata ukiokota yenye ampea za kutosha na pini nne, mpangilio wa chanya na hasi kwenye pini hizo haufanani kwa kila kampuni. Itaingia vizuri kabisa, na itaunguza bodi vizuri kabisa. Na usije ukaifungua hiyo yako kutazama kapasita: ile ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Kisebusebu

Msiibebeshe adapta kesi yote jamani. Kuna NAS za miaka ya nyuma zenye chipu za Intel Atom C2000. Mwaka 2017 Intel wenyewe walitoa taarifa kwamba saketi ya kutoa mapigo ya saa kwenye chipu hizo inaweza kuchakaa mpaka mashine isiwake tena. Hapo utabadilisha adapta weee, hola. Mkuu, angalia chipu yako kwanza.

FundiTaa

Hoja nzuri, ila ile ikishafika mwisho haiamki hata ikiwa tupu. Ndiyo maana nimemwambia aanze na kutoa diski.

BiSeva

Mkwaju mwanangu, mimi nilikaa miaka upande wa pili wa hiyo meza, nikipokea malalamiko ya vifaa vya mtandao. Anayesoma ujumbe wako mara ya kwanza ana orodha ya maswali mbele yake. Ukimwandikia "NAS yangu haiwaki" atakujibu tuma kifaa, maana hana kingine cha kukujibu. Ukimpa majibu yote kabla hajauliza, hana pa kukurudisha. Andika hivi, ujazie vyako:

"Modeli na namba ya mfululizo ni hizi. Kilinunuliwa tarehe hii, risiti nimeambatisha. Bila diski kinawaka na kubaki kimewaka. Diski zikiwemo kinazima zinapoanza kuzunguka. Adapta ni ile ile iliyokuja na kifaa, 12V 8.33A, na ikibebeshwa mzigo wa wati 42 inashuka hadi volti kadhaa. Picha ya lebo na video ya jaribio nimeambatisha. Naomba kubadilishiwa adapta peke yake."

Hapo penye "iliyokuja na kifaa" usiparuke. Wakihisi ulichomeka ya mtaani, dhamana wanaifungia mlango. Hadithi za babu usiziandike, ingawa mimi zimenigusa. Endelea kujibu kwenye tiketi (faili la lalamiko lako) ile ile, kwa sababu ukifungua mpya unakutana na mtu mpya na orodha ile ile. Akikwama, mwombe kwa upole aipandishe kwa fundi.

Ikitokea wakashikilia kifaa kizima, peleka ganda tupu. Diski ulinunua wewe, data ni yako, na wao hawana haja nazo ili kupima umeme. Uliza kwa maandishi kama trei nazo zinabaki kwako. Hata wakikurudishia kifaa kingine cha modeli hiyo hiyo, taarifa za RAID zimeandikwa kwenye diski zenyewe, kwa kawaida zitasomeka.

Mkwaju

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Kisebusebu, nimehakiki, chipu si hiyo.

Tupu imewaka usiku kucha, haijatikisika. Nikaja kwenye balbu. Moja ikawaka sawia, multimita ikasoma 11.6. Ya pili nilipoigusisha tu, zote mbili zikafifia, zikaanza kupepesa, na namba zikawa zinaruka 9, 7, 9, 7, huku kile kidude kikilia sauti nyembamba kama mbu sikioni. Video imetoka safi kuliko nilivyoomba.

Nikaandika kama alivyoelekeza Bi, neno kwa neno. Yule wa kwanza bado akaniuliza kama nimejaribu soketi nyingine ya ukutani. Nimeleta video ya balbu zinapepesa, yeye anauliza soketi! Nikamjibu kwa adabu kwamba ndiyo, nikaomba fundi. Fundi hakuuliza lolote zaidi ya anwani yangu. Adapta mpya imefika, NAS imewaka ikiwa tupu. Diski sijazirudisha, nangoja neno lenu.

FundiTaa

Safi. Kwanza linganisha lebo: volti 12 zile zile, ampea 8.33 au zaidi. Kisha zima, rudisha kila diski kwenye namba yake, washa.

Ikiamka usipakie wala kufuta kitu. Fungua ripoti ya SMART, yaani ya afya, ya kila diski. Hesabu ya kukatikiwa umeme ghafla lazima imepanda kwa purukushani zote hizo, isikutishe. Tazama sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika na zile zinazosubiri kuhamishwa. Ukiona namba hapo na inaendelea kuongezeka, diski hiyo iandalie mrithi.

Halafu nakili yale mapya kwenye diski yako ya nje, kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hapo endesha ukaguzi wa mfumo wa faili, na mwisho ule ukaguzi mrefu wa RAID unaosoma diski zote mwanzo hadi mwisho na kulinganisha pariti, ile hesabu ya ziada inayorudisha data ya diski iliyokufa. Utachukua saa nyingi, uache. Diski zote nne zitakuwa zinachapa kazi kwa pamoja, na adapta mpya kama ina kasoro ni heri uijue sasa, kabla dhamana haijaisha.

BiSeva

Na tiketi usikubali waifunge mpaka ukaguzi huo uishe.

Mkwaju

Zimeamka zote nne, nimezifuatilia kwa sikio moja baada ya nyingine. Sekta ni sifuri kote. Ukaguzi wa RAID umemalizika leo asubuhi, makosa hakuna. Adapta mpya nimeilaza juu ya rafu penye hewa (FundiTaa, ulijuaje habari za kabati?). Ile ya zamani wanaitaka irudi, nimeifunga kwenye boksi ililokuja nalo mpya, na nimewaambia sasa wanaweza kufunga tiketi.

Moderata, hata huu uzi ruksa kuufunga.