Waliosoma Makumira na vyuo vingine vya KKKT, tupeane uzoefu

Mama Pendo
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kachaguliwa Makumira, chuo kikuu cha Kanisa la Kilutheri (KKKT) kule Usa River, Arusha, kusoma Sheria, na kachaguliwa pia chuo kimoja kikubwa cha serikali. Namba ya kuthibitisha chuo atakachokwenda iko kwenye simu yake tangu juzi, anaiangalia tu. Baba yake anasema chuo kidogo hakina jina. Mimi ni mwanakwaya wa usharika, kwa hiyo nikisema neno naambiwa napendelea. Ya vipeperushi nimeyasoma: kilianza kama chuo cha theolojia Lwandai, Usambara, 1947, kikahamia Makumira 1954, hadhi ya chuo kikuu kikaipata miaka ya tisini. Nataka ya kwenu mliolala pale, au vyuo ndugu vya Iringa, Moshi na Lushoto. Maisha yakoje, na mtu anatoka na nini mkononi? Wenye vijembe vya madhehebu wapite kimya.

Binti wa Pongwe
Shikamoo mama. Mimi ni Muislamu wa Tanga na Sheria nimesomea hapohapo Makumira. Ibada za asubuhi zipo, wanaokwenda wanakwenda, mimi nilikuwa nautumia muda ule kumalizia usingizi. Mtandio wangu hakuna aliyeuuliza. Ramadhani tulipika futari chumba kimoja, na wasichana wa Kimachame ndio waliokuwa wa kwanza kubeba sahani.

Kuhusu masomo, jambo moja tu: hakuna pa kujificha. Mwalimu anakujua kwa jina, ukikosa kipindi anakuuliza ukikutana naye njiani. Kwenye mahakama ya kuigiza mwenzetu alisimama na pingamizi lake la awali, suti imenyooka, akataja kifungu kwa mbwembwe. Mwalimu aliyekaa kama jaji akamuuliza taratibu, "Wakili msomi, hicho umekitoa kwenye Toleo la 2002 au la 2019?" Ukumbi mzima ukainama kufungua sheria, maana toleo likibadilika kifungu kinaweza kuwa kingine. Kwa sasa mimi siwasilishi hati yoyote kabla ya kuangalia toleo.

Kibopa wa Sinza
Tuseme ukweli na upande wa pili. Nimesoma chuo kikubwa cha serikali, sikitaji. Kwa wingi wetu semina tulikuwa tunasikilizia dirishani, ila nimetoka na watu. Leo nikiingia wizara yoyote sikosi mtu wa darasa letu. Chuo kidogo kitakupa mwalimu anayekujua, lakini huyo mwalimu hatakuwepo siku unatafuta kazi Dodoma.

Mwl. Nkasi
Kibopa, kazi za ualimu siku hizi zina usaili, na chumba cha usaili unaingia peke yako bila darasa lenu.

Mimi ni wa Lushoto, Magamba, kile chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa. Nilisoma Elimu Maalumu. Baridi ya kule msiifananishe na ya Arusha, Julai tulikuwa tunaandika na soksi mikononi. Breli, maandishi ya wasioona, kwa kibao na kalamu ya kutobolea unaiandika kutoka kulia kwenda kushoto, unatoboa nukta moja moja, ukigeuza karatasi ndipo inasomeka kushoto kwenda kulia. Wiki za mwanzo kichwa kinagoma kabisa, unatoboa "b" inatoka "i"? Hapana, inatoka kitu ambacho hata mwalimu hajawahi kukiona. Baadaye vidole vinazoea vyenyewe. Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo, shule nzima ni mimi tu niliyeweza kusahihisha daftari la mtoto asiyeona bila kumsumbua mtu amsomee. Basi hiyo ndiyo fursa niliyotoka nayo. Nimewahi kufika pia Patandi, Tengeru, wanakofundishwa walimu wa elimu maalumu, hapo hapo jirani na Makumira. Wenye taaluma hii tunajuana karibu wote, kwa hiyo hata sisi "watu" tunao.

Nota Nane
Niongezee ya Muziki, maana watu hawajui Makumira kuna shahada ya muziki. Nilifika nikijua do-re-mi za kwaya tu, zile tunazoandika ubaoni kwa chaki. Nikakuta mistari mitano ya nota, piano, na pembeni marimba, zeze na ngoma. Na ngoma nayo ni somo, usicheke: ngozi ikilegea unaianika juani, unaipiga ukisikiliza, unairudisha. Mwenzangu aliyetoka Ujerumani kwa masomo ya kubadilishana alikuwa anapiga piano kama anakunywa maji, lakini mkono wa kushoto na wa kulia kwenye ngoma vilimkatalia muhula mzima. Mimi piano, yeye ngoma, tukafundishana. Leo nafundisha shule ya kimataifa na ninatunza kwaya mbili za usharika, zinazolipa kwa kuku.

Mchg. wa Makete
Amani kwenu. Wachungaji tunaosomeshwa na dayosisi huwa ni watu wazima, wengine tuna wajukuu. Nilikuwa nimesimama foleni ya maharage pale Makumira nakariri vitenzi vya Kiebrania, kijana wa Sheria nyuma yangu akaniuliza, "Baba mchungaji, unanena kwa lugha?" Tumekuwa marafiki mpaka leo, ndiye aliyetusaidia mgogoro wa kiwanja cha usharika.

Babu Leganga
Mimi sikusoma, ninapangisha vyumba hapa Usa River. Mama Pendo, asilipe chumba kwa picha ya simu. Aje aone maji yanatoka saa ngapi, na awaulize wapangaji, asimuulize mwenye nyumba, hata mimi msiniulize. Chakula anunue soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi. Blanketi zito lazima, na akikaribishwa loshoro, chakula chao, kwa Wameru asikatae.

Mama Pendo
Asanteni sana, na Babu nimekuelewa. Mzee, baba yake binti, amesoma yote, ana swali moja kwa Binti wa Pongwe: kule Law School, kwenye mafunzo ya uwakili, wanaangalia mtu katoka chuo gani?

Binti wa Pongwe
Mwambie shikamoo. Law School ya Dar tunaingia wote, wa vyuo vikubwa na vidogo, bila kupita pale huwi wakili. Matokeo yaliyozua gumzo 2022 yalikuwa ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja wakawa 26 tu, kwa hiyo jina la chuo pekee halikubebi. Kilichonisaidia mimi ni kuandika hati kwa mkono wangu tangu mwaka wa pili na kurudishiwa ikiwa na wino mwekundu. Kama hicho chuo kingine nacho wanamsahihishia hati moja moja, aende huko. Aulize hilo kabla ya kubonyeza kuthibitisha.