Filamu ya Beowulf: walikuwa na haki ya kumfanya shujaa mwongo?

Kipanga: Wakuu, nimeirudia Beowulf ya Robert Zemeckis ya 2007, hasira zimenipanda upya. Kwenye utenzi wa kale wa Waingereza, Beowulf anamng'oa zimwi Grendel mkono, kisha anamfuata mama wa zimwi hilo chini ya ziwa na kumkata shingo. Kwenye filamu analala naye, anarudi na uongo kwamba kamuua, na lile joka la mwishoni ni mwanawe mwenyewe! Haki hiyo walipewa na nani? Ila wakishamweka Angelina Jolie awe huyo mama, mwanamume gani atauliza.

Bi Mwanaidi: Hapo kwa Jolie ndipo uliponiudhi. Kwenye utenzi yule ni mama aliyefiwa. Anaingia Heorot, ukumbi wa mfalme wa Wadenmaki, usiku, anamchukua mtu mmoja tu, Æschere, mshauri wa mfalme, pamoja na mkono wa mwanawe, anaondoka. Filamu imemvua uchungu wote huo, ikampaka dhahabu na kumwotesha visigino virefu. Hilo mbona halikukukera?

Nahodha: Dada, kichwa cha Æschere kilikutwa ukingoni mwa ziwa. Ndiye wa kuonewa huruma huyo?

Bi Mwanaidi: Na mkono wa mwanawe uliotundikwa juu watu wautazame huku wanakunywa? Damu kwa damu ilikuwa desturi yao wote, Wadenmaki kwa Wageati, watu wa Beowulf. Yeye tu ndiye kosa?

Jembe la Zamani: Kipanga, mwanya wa uongo huo upo kwenye utenzi wenyewe. Kule chini hakushuka shahidi. Wadenmaki walishakata tamaa wakaenda zao. Alipoibuka alishika kichwa cha Grendel na kipini cha upanga. Cha mama kiko wapi?

Kipanga: Umeisoma au umesimuliwa? Anayesema aliuawa ni msimulizi, si Beowulf! Upanga mkubwa ulikuwa humo humo pangoni, akamkata nao, na ukayeyuka kwa damu ukabaki kipini. Usitafute mwanya pasipo na ufa.

Jembe la Zamani: Nimeisoma kabla hujajua kuna filamu. Punguza dharau.

Nahodha: Kwani mama anakula watu au hali? Nijibiwe hilo kwanza.

Bi Mwanaidi: Wa kula watu ni Grendel. Alianza na mmoja wa Wageati, akamla mpaka mikono na miguu, Beowulf akiwa macho anamtazama tu. Shujaa wenu huyo hamjamuuliza kwa nini hakuinuka.